Mama anajua nimeajiriwa, cheti changu kiko kwa mkopeshaji

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikisoma safu hii muda mrefu nikijiambia kwamba mimi sina la kukuandikia. Leo nimekaa hapa nje, umeme umekatika, nikaona niandike kwenye simu kabla chaji haijaisha.

Nina miaka 32, kwetu ni Iramba, Singida. Nilihitimu shahada ya ualimu mwaka 2017, Historia na Kiswahili. Nilipoanza chuo mwaka 2014, kaka na dada zetu waliotutangulia walikuwa wakimaliza tu wanapangiwa vituo. Mtu anasoma jina lake kwenye orodha, anafunga mizigo, anakwenda kuripoti. Hakukuwa na usaili wala nini. Sisi tulijua ni zamu, na zamu yetu itafika. Mama aliuza ng'ombe wawili kujazia pale mkopo wa Bodi ya Mikopo ulipokuwa haufiki.

Zamu haikufika. Mwaka wa kwanza nililima alizeti nyumbani. Nikaja Dar kwa dada yangu, Mbagala. Nimekuwa winga Kariakoo miezi saba: unasimama mbele ya duka lisilo lako, unamvuta mteja, unamtajia bei yenye cha juu chako. Siku moja niliuza mashuka nikabaki na elfu ishirini nikajiona tajiri, siku nne zilizofuata sikupata hata nauli ya kurudi. Nikapata bodaboda ya mkataba, hesabu elfu kumi kwa siku. Nikaanguka nayo, mguu ukavunjika, na mwenye pikipiki akaichukua kabla plasta haijakauka. Nimebeti pia, Shangazi, sikufichi. Mikeka yangu ilichanika yote.

Tangu 2021 najitolea katika shule moja ya sekondari ya kata. Nafundisha vipindi 26 kwa wiki, kidato cha tatu na cha nne. Wazazi wanachanga, napewa 70,000 kwa mwezi. Mwezi ambao michango haijakamilika napewa maneno mazuri. Mwanzoni mwa 2025 niliitwa kwenye usaili wa walimu, nikafaulu wa kuandika, nikaishia kwenye mahojiano.

Sasa nifike kwenye yanayoninyima usingizi. Siku nilipopokelewa pale shuleni nilimpigia mama nikamwambia, "Mama, nimepata shule." Akapiga vigelegele kwenye simu. Alielewa nimeajiriwa. Nikaona nimwache afurahi siku ile, kesho yake nimweleweshe. Kesho hiyo ina miaka minne. Kanisani alitoa sadaka ya shukrani. Mwaka juzi akaniomba nimlipie mdogo wangu mahitaji ya kidato cha tano, godoro, sare, michango, kwa kuwa "kaka yake ni mwalimu". Nikakopa laki tatu kwa hawa kausha damu wa mtaani, kurejesha 12,000 kila siku kwa siku thelathini. Nikashindwa. Tangu hapo nakopa kwa huyu nimlipe yule. Huyu wa mwisho alitaka dhamana, nikampa cheti changu cha chuo, chenyewe, siyo kopi. Kiko kwenye droo yake tangu mwezi wa tatu na deni limefika 420,000.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi tailizi. Likizo iliyopita alinichukua Kigamboni niwe saidia fundi, 15,000 kwa siku na chakula cha mchana. Siku ya tatu niko sakafuni nimepiga magoti, gundi hadi kwenye viwiko, shemeji ameniachia pimamaji nisawazishe kona ya sebule. Mlango ukafunguliwa, akaingia kijana wa mwenye nyumba. Mwanafunzi wangu wa kidato cha nne! Akasimama wima: "Shikamoo mwalimu." Nikamjibu, nikaongeza, "Nimemsindikiza tu shemeji." Shemeji alisikia. Hakusema kitu, lakini hadi jioni hakunipa tena pimamaji.

Anataka niache shule niende kwake moja kwa moja anifundishe kazi. Wakati huohuo kuna mtu anasema ana mtu wake ndani, nikitoa milioni mbili na nusu jina langu litatoka awamu ijayo. Nimefikiria kumwomba mama auze shamba la alizeti, nimwambie nanunua kiwanja.

Wiki iliyopita ametuma kwa basi debe la unga wa mtama, mafuta ya alizeti lita tano na kuku wawili hai. Nilipokwenda kuvipokea stendi nilijiona mwizi.

Nitoe hiyo hela? Niende kwa shemeji? Na nikienda kubandika tailizi, Shangazi, ile miaka mitatu ya chuo ilikuwa ya nini?

Mwalimu wa Mbagala

* * *

Marahaba mwanangu,

Nianze na kinachoungua. Hela hiyo usiitoe, na shamba la mama yako usiliguse. Nafasi za walimu siku hizi zinapitia Sekretarieti ya Ajira: unaomba kwenye mfumo, unaitwa kwa namba, unaandika mtihani, unahojiwa. Na tufanye huyo jamaa kweli ana mtu ndani, maana sitaki kukuhubiria kama mtoto. Ukishampa hela akazima simu, utamshtaki wapi? Sheria ya rushwa inamshika anayepokea na anayetoa. Ndiyo maana vishoka wanapenda biashara hii, mteja wao hawezi kudai risiti. Akikusumbua tena, TAKUKURU wanapokea simu bure, 113. Mtajie namba hiyo uone kama ataendelea kukuita "mwalimu wangu".

La pili ni cheti, na hili nalipa uzito kuliko swali la shule au tailizi. Ukiitwa usaili kesho utatakiwa uende na vyeti halisi. Utasema kimelala kwenye droo ya mtu Mbagala? Najua kuna mwerevu mmoja kijiweni ameshakushauri uende polisi uchukue ripoti kwamba kimepotea, ukaombe kingine chuoni. Usithubutu. Hakijapotea, unajua kilipo, na mwenye droo naye anajua.

Mkopeshaji anatakiwa awe na leseni, hayo ni matakwa ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na wengi wa kausha damu wetu hawana. Usiende kumtishia na hilo mlangoni kwake. Mwombe mwenyekiti wa mtaa awakutanishe. Nenda na dada yako au shemeji, ongeeni kwa utulivu: deni lisimame hapo lilipo, 420,000, lisiongezeke hata senti, na ulipe kwa wiki badala ya kila siku. Akiwa hana leseni, mbele ya mwenyekiti atakuwa mpole kuliko unavyomfikiria. Yote yaandikwe, msaini. Na kuanzia leo hukopi tena kwa mtu wa namna hiyo, hata mtoto akiumwa. Mtoto akiumwa njoo useme, watu watachanga.

Fanya na hesabu. Kwa shemeji ni 15,000 na umeshakula mchana. Ukiweka 8,000 kila siku ya kazi, kwa siku nne za wiki, deni lote linaisha kwa wiki kumi na tatu hivi. Kwa posho ya shule hutalimaliza kamwe, kwa sababu siku tano za saiti ni 75,000, na mwezi mzima wa shule ni 70,000, tena kama wazazi wamechanga. Vipindi 26 kwa wiki ni zaidi ya mia moja kwa mwezi. Gawanya mwenyewe. Unalipwa kama shilingi mia saba kwa kipindi, maandazi mawili au matatu kutegemea uko mtaa gani.

Sasa nikuambie jambo ambalo nadhani hakuna aliyekuambia kwa miaka minane hii. Unajilaumu. Barua yako imejaa "nikashindwa, nikaanguka, nikaishia". Umejisomea matokeo ya mahojiano kana kwamba ni hukumu ya akili yako. Katika awamu hiyo uliyoitwa, walioomba walizidi laki mbili na nafasi zilikuwa chini ya elfu kumi na tano. Mwaka huohuo Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596 ikapata maombi 135,027. Hapo ni watu wapatao themanini na watano wanagombea kiti kimoja. Mwaka 2014 Uhamiaji waliita watu usaili wa nafasi 70, ikabidi wakae Uwanja wa Taifa kwa sababu walikuwa zaidi ya elfu kumi. Nakumbuka picha zile, vijana na suti zao juani kama wamekuja kutazama Simba na Yanga. Kwa hesabu kama hizo, mia wanaweza kufaulu vizuri na tisini wakarudi nyumbani.

Na kwa mwalimu wa masomo ya sanaa kuna la ziada. Katikati ya miaka ya 2000 shule za kata ziliota kila mahali, walimu hakuna, hadi wakapikwa kwa wiki chache wale tuliowaita voda fasta. Ndipo vyuo vikafunguka: vyuo vishiriki vya ualimu vya Dar na Mkwawa mwaka 2005, Dodoma mwaka 2007, na vya binafsi navyo. Historia, Jiografia, Kiswahili havihitaji maabara, basi kila chuo kikajaza madarasa. Ulipoingia 2014 mlango ulikuwa bado wazi. Katikati ya 2016, ukiwa darasani, serikali ikasimamisha ajira ili kuhakiki watumishi hewa, kisha vyeti. 2017, mwaka wako wa kuhitimu, karibu watumishi elfu kumi wakaondolewa kwa vyeti vya kughushi. Zilipoanza kurudi, ajira za walimu ziliita kwanza watu wa Sayansi na Hisabati. Wakati huohuo elimu bila malipo, iliyoanza Januari 2016, ilikuwa imejaza watoto madarasani hadi wanakaa sakafuni.

Kwa hiyo tazama kituko hiki. Shule haina walimu, na walimu hawana shule. Kazi ipo, tena wewe ndiye unayeifanya. Kinachokosekana ni mshahara wake. Na unajua wanaohesabu ukosefu wa ajira wana kanuni yao ya kimataifa? Aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja katika wiki anahesabiwa ana kazi. Kwa hiyo mwanangu, kwenye vitabu hivyo wewe si mmoja wa wasio na kazi. Nilicheka nilipolijua hilo, halafu nikanyamaza.

Ndiyo maana wanaosimama majukwaani kuwaambia vijana "jiajirini" hunipandisha hasira. Ajiajiri kwa nini, kwa upepo? Aliyelelewa miaka kumi na sita kwenye dawati akiambiwa soma upate kazi, akitoka anaambiwa kosa lako ni kutofikiria biashara! Hata mikopo ya halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato yake ambayo vijana wana nne zao, haina riba, ni jambo jema, lakini inataka kikundi, mradi na subira, na ilisimamishwa 2023 hadi ikarudi 2024. Wewe mwenye kausha damu begani usiingie huko sasa. Utachukua hela ya kikundi ulipe deni lako, kisha wenzako wanne wawe maadui zako.

Mimi siyo mgeni wa haya. Miaka ya tisini nilikuwa kwenye kiwanda kimoja cha nguo, Kanda ya Ziwa. Mashirika yakawa yanauzwa, mengine yanafungwa, nasi tukaambiwa tumepunguzwa. Neno hilo bado linaniuma: tumepunguzwa, kama chumvi kwenye mchuzi. Unajua nilifanya nini? Miezi mitatu niliamka alfajiri, nikavaa sare ya kiwanda, nikaaga watoto, nikaenda kukaa kwa rafiki yangu hadi saa tisa alasiri ndipo nirudi. Mama mkwe alikuwa nyumbani, sikutaka ajue. Siku moja nilikuwa nafua ile sare, akaniambia taratibu, bila hata kuniangalia, "Mwanangu, hiyo nguo ipumzishe, utaichakaza bure." Alikuwa anajua tangu wiki ya kwanza. Mtaa mzima ulikuwa unajua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nadhani nimejificha.

Baada ya hapo nikakaanga vitumbua. Vya kwanza viliungua, vya pili vilikuwa vizito kama mawe ya kusagia, nikala mimi na watoto hadi tukavichukia. Vilisomesha watoto wawili, lakini sikuwahi kuvipenda, hadi leo ukiniletea kitumbua nitakushukuru nikiweke pembeni. Nakuambia hili ili usidhani nakudai uipende tailizi. Hudaiwi kuipenda. Unadaiwa kuijua.

Nenda kwa shemeji. Lakini usiondoke shuleni kama mtoro. Una kidato cha nne na mtihani wao ni Novemba. Nenda kwa mkuu wa shule, mwambie hali yako ilivyo, omba ratiba ipangwe upya: kidato cha nne pekee, siku mbili kwa wiki, uwafikishe kwenye mtihani. Siku nne ni za saiti. Novemba ikiisha unaaga, unachukua barua ya utambulisho inayosema umefundisha tangu lini hadi lini na masomo gani, yenye mhuri. Barua hiyo ni muhimu, usiondoke bila kuishika mkononi. Najua utaniambia kujitolea kunakupa sifa ya kufikiriwa. Umejitolea miaka minne, sifa umeshaipata. Mwaka wa tano hauongezi sifa, unaongeza deni.

Na kuomba ajira usiache. Matangazo ya serikali yanapokea watu hadi miaka 45, una miaka kumi na mitatu mbele. Kuomba kwenye mfumo hakuna ada, ni bando na muda wa jioni moja. Kilichokumaliza wewe ni kusubiri. Nimekusoma mara mbili, kila kazi uliyoshika uliishika kwa vidole viwili, mkono mwingine umeuacha wazi upokee barua ya kupangiwa kituo. Uwinga, pikipiki, hata tailizi. "Nimemsindikiza tu shemeji."

Nikae kidogo kwenye sentensi hiyo, maana ndiyo iliyonifanya niijibu barua yako kabla ya nyingine. Yule kijana hakukucheka. Alikukuta magotini na gundi mikononi akasimama wima akakuita mwalimu. Ualimu wako kwake haukuwa kwenye shati. Wewe ndiye uliyeona haya, na katika kujitetea ukamvunjia heshima mtu mwingine aliyekuwa chumbani. Shemeji yako analea familia kwa kazi hiyo. Umelala kwake, umekula kwake, mguu ulipovunjika nadhani ni yeye aliyekubeba. Alikupa pimamaji, na kwa fundi kumpa mtu pimamaji ni kumwambia nakuamini jicho lako. Kisha akasikia kwamba kazi yake ni ya kusindikizwa. Usipoteze muda kujiuliza kwa nini hakukurudishia. Kabla hujamwambia "nimekubali", anza na "shemeji, siku ile Kigamboni nilikosea". Atakuambia hakumbuki. Anakumbuka.

Ukishaanza, usibaki saidia fundi wa kukoroga gundi na kubeba maboksi. Jifunze kupiga mstari wa kwanza, maana ukipinda huo chumba chote kinapinda. Jifunze kukata ya kona bila kuivunja, kushusha mteremko wa bafuni maji yasirudi mlangoni, kumaliza ngazi. Baada ya mwaka hivi nenda VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa cheti, wanaita kurasimisha ujuzi. Cheti cha pili, ambacho hutakiweka kwenye droo ya mtu.

Uliuliza miaka ya chuo ilikuwa ya nini. Sina jibu tamu. Historia haitakusaidia kubandika tailizi na sitakudanganya kwamba hakuna kilichopotea. Kuna kilichopotea, na hukukipoteza wewe. Ila nimejenga kibanda changu nimehangaika na mafundi, nakuambia wanaojua kazi ni wengi, wanaoweza kukuandikia makadirio yanayosomeka, mita ngapi, mifuko mingapi ya gundi, siku ngapi, kisha wakapokea simu wakichelewa, ni wa kutafuta kwa tochi. Shemeji ana mkono, wewe una kalamu. Anzeni kwenda pamoja kwa wenye nyumba uone. Jioni, watoto wa pale mtaani wanahitaji Kiswahili na Historia kabla ya Novemba, wazazi wao hulipa masomo ya ziada kuliko wanavyochangia shule. Na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wana kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili. Jaza jina lako, kisha usahau kwamba umejaza.

Mkopo wa Bodi nao usiukimbie. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo deni halivimbi tena usiku ukiwa umelala kama la huyu wa droo. Ukishamaliza la kausha damu, nenda ofisini kwao ueleze kwamba sasa unajitegemea, mpange malipo.

Nimebakiza mama.

Mwaka juzi alikuomba godoro, sare na michango. Ndivyo mama anavyofanya akiamini mwanawe ana mshahara, anatuma orodha. Mwaka huu ametuma unga wa mtama, mafuta na kuku wawili, na kwenye barua yako hakuna mahali uliposema ameomba chochote. Mama gani wa Iramba anamtumia chakula kwa basi mwalimu wa serikali aliyeko Dar? Na dada yako, unayelala kwake, aliyeona plasta ya mguu wako, anaongea na nani kila Jumapili kwenye simu? Sijaambiwa na mtu, naweza kuwa nakosea. Lakini nimekumbuka mama mkwe wangu na ile sare.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Usimwambie kwenye simu, simu ndiyo iliyoharibu mara ya kwanza. Desemba panda basi uende. Usiende na soda na keki ya kujifanya umetoka kazini. Nenda na hela ya siku kumi za saiti kama umeshapata nafuu ya deni, mpe mkononi, umwambie imetoka wapi. Kaa naye jikoni, mchambulie mboga ikibidi, mwambie: "Mama, ile siku niliposema nimepata shule, nilikuwa najitolea. Sijaajiriwa. Nafanya kazi na shemeji." Usiongeze maelezo ya serikali na usaili, hayo mwachie aulize. Atalia au atacheka au atakuambia uendelee kuchambua mboga. Kama ataona aibu kwa ajili ya ile sadaka kanisani, mwambie Mungu hakuirudisha.

Na kabla hujaniandikia tena, nijibu swali moja. Hukusema ile kona ya sebule, uliyoachiwa pimamaji, ilitoka sawa?

Shangazi